Kabla hujabadilisha plagi ya kebo ya Leaf

Jamani, kile kisanduku kinachokuja ndani ya buti ya Nissan Leaf kutoka Japani si chaja. Chaja imo ndani ya gari. Kisanduku ni swichi yenye akili tu: kinakagua waya wa athi, kinakata stima ikivuja, na kinaliambia gari lisivute zaidi ya ampea fulani. Basi.

Watu wanaogopa volti 240 zetu kwa sababu kule kebo hutumia 200. Gari lenyewe halina shida, liliuzwa Uingereza kuanzia 2011 kwa volti 230. Kisanduku ndicho cha kufunguliwa, fundi aone kama vipuri vyake vinahimili 240. (Kama kebo yako ni ya volti 100, hata usijaribu kuichomeka.)

Mimi naogopa ampea. Kebo ya kilowati 3 inaliambia gari 15. Fundi anakata plagi, anafunga ile yetu ya pini tatu ambayo ni ya ampea 13, taa zinawaka, kila mtu anafurahi. Birika huvuta dakika tatu. Gari huvuta usiku kucha! Na usitegemee fyuzi, ziada ndogo hivyo haiikati upesi. Kinachoanza kuungua ni soketi.

Waingereza wana soketi kama zetu, na kebo zao za pini tatu kwa kawaida huishia ampea 10. Piga hesabu: 240 mara 10 ni kilowati 2.4. Betri ya kilowati-saa 24 inajaa kwa saa 10 hivi badala ya 8, ukiacha kinachopotea njiani. Saa mbili tu, nawe umelala.

Sasa kinachoniudhi kama mtu wa programu. Ampea hizo hutangazwa kwa mawimbi 1,000 kwa sekunde: chukua asilimia ya muda ambao wimbi liko juu, zidisha kwa 0.6. Asilimia 25 ni ampea 15. Hiyo ni namba moja kwenye kodi! OpenEVSE, mradi wa chanzo huria, unakuachia uibadilishe. Kwenye kebo ya Leaf imefungwa, na mwenye nyumba hana la kufanya.

Kama yako haishuki, usifunge pini tatu. Weka soketi ya bluu ya viwandani, ampea 16, yenye waya wake mwenyewe hadi kwenye bodi ya fyuzi, na athi iliyopimwa.