Kwa Viongozi wa Vyama vya Msingi: Kahawa Haigeuzwi Siku ya Mkutano

Ndugu zangu wanaushirika, kaka na dada zangu wa mlimani,

Leo moyo wangu ni mzito. Wiki iliyopita nilipita kwenye chama chetu kimoja cha msingi. Sitakitaja, maana aibu yao ni yetu sote. Nilikuta kahawa ya maganda imefunikwa turubai tangu jana yake na imeanza kunuka. Vijana wa zamu walikuwa wamekaa chini ya mgomba. Nikawauliza kiongozi wao ni nani, wakatazamana. Mmoja akanijibu kwa adabu zote, "Mzee, mwenyekiti tulimwona siku ya kufungua msimu." Jibu lile limeninyima usingizi kuliko hasara yenyewe.

Kazi hii mnaijua. Tunda jekundu humenywa siku ileile lilipochumwa. Kisha punje huchachushwa, huoshwa na kuanikwa kwenye vichanja, wiki moja au mbili kwa kadiri ya jua, zikigeuzwa mara kwa mara, zikifunikwa jua linapochoma na mvua inaponyemelea, mpaka unyevu ubaki kama asilimia 11. Hakuna anayeweza kuja siku ya tisa akazigeuza mara mia ili kufidia siku nane alizokuwa hayupo. Iliyoharibika imeharibika, na mwonjaji kule Moshi ataijua kwa kijiko kimoja. Basi mbona tunadhani watu wanaweza kuongozwa hivyo, kwa hotuba ndefu mwanzoni mwa msimu na ukali mwishoni mwake? Nasema kwa uchungu: penye posho hakuna kiongozi anayekosekana, ila asubuhi ya ukungu, mashine inapogoma na vijana hawajui wamwite nani, tunasikia tu kwamba ujumbe ulitumwa kwenye kundi la WhatsApp.

Wazee wetu walipounda chama chao cha wapanda kahawa mwaka 1925, walowezi hawakutaka Mwafrika alime zao hili kabisa. Wazee hao hawakuwa na gari wala simu, bali walijuana shamba kwa shamba, na juu ya kujuana huko chama kikuu cha ushirika cha KNCU kikazaliwa mwaka 1933. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na sheria ya 1982 ikavirudisha. Huyo aliyetuvunja tulimjua, tukamlalamikia. Chama kinachokufa kwa kutotazamwa tutamlalamikia nani?

Lakini, ndugu zangu, msinielewe vibaya nikaonekana nataka mkawasimamie watu kama nyapara wa mkonge. Wapo wenzetu wanaoshinda kichanjani wakifoka kutwa, na vikundi vyao havina nafuu yoyote. Mtu anayechungwa hujifunza kukwepa macho tu. Ninachowaomba ni kitu kidogo kisichokatika. Yupo dada mmoja, kiongozi wa kikundi cha kuchagua matunda, ambaye kila asubuhi kabla ya kazi huwauliza wenzake nani anaumwa, nani ana mtoto aliyefukuzwa shule kwa ada, ndoo ipi imetoboka. Haimchukui muda hata wa kumaliza kikombe cha chai. Jana akiahidi ndoo, leo inakuja, au anasema mbele ya wote kwa nini haikuja. Msimu uliopita alilazwa siku nne, na kikundi kile kiliendelea bila kuyumba, kwa sababu kila mtu alikwisha kujua jambo gani ataulizwa. (Yeye mwenyewe, nilipomsifu, alidhani namtania.)

Najua mna migomba yenu, mna misiba, wengine mna duka. Nami nimekosa pia; yapo maeneo ambayo sijakanyaga tangu mkutano mkuu, na wajumbe wa huko wana haki ya kunicheka wakiusoma waraka huu. Kwa hiyo naanzia kwangu. Jumanne ijayo saa moja asubuhi nitakuwa pale penye turubai, na Jumanne itakayofuata nitakuwa kwa jirani zao, hivyo hivyo hadi msimu uishe. Msiniandalie mbege wala msichinje mbuzi. Niwekeeni tu nafasi kichanjani.

Ndugu yenu katika ushirika,
Mwenyekiti