MASHAURI YA NYUMBANI: Kijana Ajipimaye Asiachwe Peke Yake



Mwezi huu twataka kusema nanyi neno ambalo wengi hulisema kwa kunong'ona. Jioni moja, baada ya sala, kijana wa kwaya mwenye miaka 18 alibaki nyuma ya wenzake, akatoa mfukoni kiboksi kidogo, akatuuliza, "Mwalimu, hiki hutumiwaje?" Kilikuwa kipimo cha kujipima virusi vya Ukimwi. Nasi, badala ya kumjibu alilouliza, tukamwuliza, "Umefanya nini?" Kijana akakirudisha kiboksi mfukoni, akatuaga kwa adabu, akaenda zake. Usiku ule hatukulala vema. Alikuja kutafuta mwongozo, nasi tukamketishia baraza la hukumu. Kwa sababu hiyo twaandika haya, ili mzazi au mwalimu mwingine asikosee kama tulivyokosea sisi.

Katika Tanzania wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Siku zile dawa haikuwapo, na kuambiwa una ugonjwa huu kulikuwa sawa na kuchimbiwa kaburi ungali hai. Ndiyo maana watu walificha. Lakini siku hizi si kama zile. Mtu ajuaye kuwa anavyo virusi, akameza dawa kila siku bila kukosa, hata vipimo vya damu visivione tena, huishi miaka mingi, hulima, husoma, huoa na kuzaa, wala hamwambukizi mwenzi wake kwa kukutana naye kimwili. Walakini dawa haiwezi kumfaa asiyejua hali yake. Wazee wetu walisema, Mficha maradhi kilio humfichua.

Basi mbona vijana hawaendi kupimwa? Sababu twaijua sote. Zahanati ya kijiji ina benchi moja mlangoni, na kila apitaye humwona aliyeketi. Muuguzi ni jirani, au ni shangazi wa kijana mwenyewe. Kwa ajili ya watu kama hao kipimo cha kujipima kilitengenezwa. Shirika la Afya Duniani lilishauri kitumike mwezi wa Desemba 2016. Nalo Bunge la Tanzania, mwezi wa Novemba 2019, liliibadili sheria ya Ukimwi, likaruhusu mtu kujipima mwenyewe. Tena likashusha umri wa kijana awezaye kupimwa pasipo kibali cha mzazi, kutoka miaka 18 hadi 15. Kabla ya kumpa kijana kiboksi hicho, muulizeni mhudumu wa kituo cha afya, naye atawaeleza ni nani apewaye na kwa umri gani.

Kutumia kwake si kugumu. Vipo vipimo vya damu ya kidoleni, na vipo vya kinywani. Kwa kile cha kinywani kiitwacho OraQuick, mtu hukaa dakika 15 asile wala asinywe kitu. Kisha hupitisha kijiti juu ya ufizi wa juu mara moja, na wa chini mara moja, akakitia katika kichupa chenye maji ya dawa. Husubiri dakika 20, naye asome kabla dakika 40 hazijapita. Kipimo hakitafuti virusi katika mate, wala mate hayaambukizi Ukimwi. Hutafuta askari ambao mwili huwaunda ili kupigana na virusi. Mstari mmoja penye herufi C maana yake askari hao hawakuonekana. Mistari miwili, penye C na penye T, hata kama wa pili umefifia, maana yake yafaa kwenda kituoni kupimwa tena. Pasipo mstari penye C, kipimo kimeharibika.

Hapa shikeni mambo matatu. Kwanza, mistari miwili si neno la mwisho. Neno la mwisho hutoka kituo cha afya, baada ya vipimo vingine. Pili, mstari mmoja hauwezi kusema habari za miezi mitatu iliyopita, kwa kuwa mwili huchukua muda kuunda askari wake. Aliyekuwa hatarini katika muda huo apime tena. Na ambaye hatari ilimpata ndani ya saa 72, asingoje kujipima, bali akimbilie kituoni apewe dawa ya kuzuia. Tatu, aliyekwisha kuanza dawa za virusi asitumie kipimo hiki, kwani chaweza kumdanganya.

Watakuwapo wasemao kwamba jambo hili litawafungulia vijana mlango wa uasherati. Sisi twaendelea kufundisha usafi wa moyo na wa mwili kama tulivyofundishwa. Lakini taa haileti takataka nyumbani, huzionyesha tu. Tena wako vijana waliozaliwa na virusi kutoka kwa mama zao, wakakua hata ujana wao pasipo kuambiwa. Ukimwuliza kijana kama huyo, "Umefanya nini?" utamjeruhi bila kosa. Bwana wetu alimgusa mwenye ukoma kabla hajamtakasa. Hakuanza kwa kumhoji.

Basi, enyi wazazi, kipimo kisiwe fimbo. Msimlazimishe mtoto, wala msimvizie. Mwambieni mapema, siku ya amani, kwamba majibu yawayo yote, sahani yake ya jioni itakuwapo mezani, na asubuhi baba au mama atakwenda naye kituoni akitaka. Nanyi walimu, msipime wanafunzi, wala msitangaze siri mliyoaminiwa. Faragha ni haki ya kijana. Lakini kujipima faraghani si sawa na kuachwa peke yake. Usiku wa dakika 20 ni mrefu sana kwa asiye na mtu wa kumwendea.

Kijana wetu alirudi baada ya majuma matatu. Tulimwomba radhi kwanza, ndipo tukamweleza haya tuliyowaeleza ninyi. Akajipima katika chumba cha nyuma, nasi tukakaa barazani tukimngoja. Majibu yake ni siri yake, wala hatutayaandika hapa. Twasema hili tu, kwamba alipofungua mlango alitukuta tungali tumeketi.

Bwana azilinde nyumba zenu.