Godoro Lisilowe, Ngozi Isiwashe



Barua ninayoijibu leo imetoka Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, kwa msichana wa chuo anayelala chumba kimoja na nyanyake. Anasema miezi kadhaa sasa nyanya huamka kabla ya alfajiri, akaondoa shuka kimyakimya, na akiulizwa hujibu, "Mwanangu, nimemwaga bilauri ya maji tu." Bilauri hiyo humwagika usiku baada ya usiku. Mjukuu alipong'amua, alinunua nailoni nzito akalifunika godoro zima, nia yake njema. Godoro likapona, nyanya hakupona. Kwa joto letu hili alilala juu ya jasho lake mwenyewe, na maadamu ngozi yake tangu ujana ni ya ukurutu, haukupita muda mapaja yakachubuka. Sasa ameikataa nailoni na analala chini, mkekani. Binti auliza afanyeje.

Binti yangu, hukukosea kununua nailoni. Ulikosea mahali pa kuiweka. Mkojo ukikaa mwilini huilowesha ngozi ikawa laini, ikachubuka kwa msuguano mdogo tu wa nguo. Nailoni nayo huzuia jasho lisikauke, kwa hiyo ngozi ikapata maji ya namna mbili. Kazi ya nailoni ni kulinda godoro, na haifai hata kidogo kuugusa mwili.

Kata kipande kitakachofika kutoka kiunoni hadi magotini, basi. Kichwa, mgongo na miguu vilale juu ya kitambaa kitupu vipate hewa. Juu ya nailoni tandika taulo nene au blanketi kuukuu la pamba, ndilo litakalokunywa mkojo. Juu yake weka shuka ya pamba, na uchomeke pande zote chini ya godoro isiwe na mikunjo, kwani mikunjo nayo huchubua. Kisha fanya jambo ambalo wauguzi wengi hulijua: rudia tena tabaka hizo tatu juu ya zile za kwanza. Nyanya akilowa saa nane za usiku, unavuta tabaka la juu na kitanda kiko tayari, bila kuwasha taa na kuamsha nyumba.

Siku hizi ziko foronya za magodoro za kitambaa chenye utando mwembamba unaopitisha mvuke na kuzuia maji. Ukimudu, nunua. Lakini ikunje kwanza dukani: ikilia kama karatasi ya peremende na kunuka plastiki, hiyo ni nailoni iliyopewa jina zuri.

Leso kuukuu ni bora kuliko mpya. Ile uliyoitoa juzi Barabara ya Biashara bado ina dondo, na dondo huwasha. Ifue mara mbili tatu ndipo umlalishe mtu. Isitoshe, leso ina sitara yake. Ukianika leso tatu darini hakuna jirani atakayeuliza, lakini ukianika nailoni mtaa mzima utajua.

Katika kufua ndipo wengi wetu tunapoharibu. Visima vingi vya kisiwa chetu vina chumvichumvi, na sabuni haitoi povu upesi. Mtu huongeza sabuni, akaongeza tena, na ile isiyosuuzika hubaki ndani ya nguo ikingoja ngozi ya mgonjwa. Fua kwa maji ya kisima ukitaka, lakini suuza mara ya mwisho kwa maji tamu ya mfereji, na uache kabisa dawa za kung'arisha na za kunukisha nguo. Godoro likipata tone, likandamize kwa taulo kavu bila kulisugua, lipanguse kwa siki iliyozimuliwa na maji, kisha lipate jua na upepo. Na udi? Naupenda kama mwenzangu yeyote wa Pwani, lakini udi hauondoi mkojo, huufunika tu, na moshi wake una taabu kwa mwenye pumu.

Nyanya mwenyewe aoshwe kwa maji ya vuguvugu bila sabuni ya manukato, akaushwe kwa kugusagusa, kisha apakwe Vaselini nyembamba au krimu ya zinki. Jaribu kwanza mahali padogo. Akivaa nepi za watu wazima, Vaselini iwe kidogo mno, kwani ikizidi huziba nepi isinyonye.

Asipunguziwe maji mchana kutwa. Mkojo mzito huichokoza kibofu zaidi. Kinachofaa kupunguzwa ni chai na kahawa ile chungu ya baada ya isha, najua itamuuma. Najua pia kinachomliza zaidi ni swala. Mwenye udhuru kama huu ana hukumu zake nyepesi, na wanavyuoni wa mtaani watamweleza. Mwekee leso ya swala peke yake, mbali na kitanda.

Yote hayo ni kulinda godoro. Chanzo chake atakijua daktari, na Hospitali Kuu ya Pwani haiko mbali na Kibokoni. Yamkini ni sukari, ni maambukizo ya mkojo, ni dawa ya presha inayokojosha, au misuli ya nyonga iliyolegea kwa uzazi na umri. Misuli hiyo hukazwa kwa zoezi la kuibana kama anayezuia mkojo na kuiachia, mara kadhaa kila siku kwa miezi. Akiona damu, akipata homa, au miguu ikifa ganzi ghafla, asingoje miadi.

Umeuliza utaanzaje kumwambia. Usianze kwa maneno. Akiwa bafuni, tandika kitanda kama nilivyoeleza, weka leso mbili safi mtoni mwa kitanda na kurunzi ndogo kando. Vile vitanda vyetu vya zamani ni virefu, kwa hiyo sogeza na kibao cha kukanyagia asije akaanguka akikimbilia choo. Usiku akiiona, ataelewa kuwa unajua, na asubuhi pengine bilauri haitatajwa tena.