Kasongo na Kabambare: rezo inaonekana kwenye simu, lakini intaneti haifiki

Mkaaji wa Kasongo anafungua WhatsApp, anaona vistari vyote vya rezo juu ya kioo, lakini ujumbe wake hauondoki. Kialama cha saa kinabaki pale pale. Anazima simu na kuiwasha. Anatoa kadi ya SIM, anaipangusa kwenye shati, anairudisha. Mwishowe anaipeleka kwa fundi sokoni, ambaye anaifuta yote na kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani. Picha za watoto na namba za wateja zimepotea, pesa imelipwa, na jioni intaneti inarudi kwa pamoja kwenye simu zote za mtaa, hata zile ambazo hazikuguswa na fundi yeyote.

Kosa linaanzia kwenye vile vistari. Vinapima jambo moja tu: nguvu ya mawimbi kati ya simu na antena iliyo karibu. Havisemi kitu juu ya safari inayobaki, kutoka kwenye antena hadi Kindu, Kinshasa na ng'ambo. Antena hupata intaneti kwa njia ya antena nyingine, moja ikiirushia mwenzake kutoka kilima hadi kilima, au kwa sahani ya satelaiti. Katika mnyororo wa antena, moja ikikosa mazutu, zote zilizo nyuma yake zinakatika na dunia, ingawa zenyewe zinaweza kuwa bado zinawaka na simu zikaendelea kuonyesha rezo nzuri kabisa. Mahali palipo mwishoni mwa mnyororo panalipia matatizo ya kila mahali palipo mbele yake. Na mazutu husafiri kwa barabara. Anayeijua barabara ya Kindu hadi Kasongo wakati wa mvua, au njia inayoendelea hadi Kabambare, haulizi mara mbili kwa nini mafuta yanachelewa.

Kwa hiyo swali la kwanza si «simu hii ina nini?» bali «jirani mwenye kampuni ileile ya simu anapata?» Kama watu watatu wa kampuni moja wamekosa wote, na yule wa kampuni nyingine anapata, hakuna simu iliyo mgonjwa hapo. Ni antena, au kilicho nyuma yake. Fundi hawezi kufanya kitu, na asilipwe.

Ikiwa jirani anapata, hapo ndipo simu ichunguzwe. Sababu nyingi ni ndogo hata zinachekesha. Tarehe, kwa mfano: simu iliyozimika kwa siku kadhaa kwa kukosa shaji inaweza kuwaka ikiwa na tarehe ya miaka iliyopita, na WhatsApp inakataa kuunganishwa mpaka tarehe irekebishwe. Forfe ya intaneti nayo huisha bila mwenyewe kujua, kwa sababu programu za simu zinajisasisha zenyewe usiku. Mwenye kubadilisha simu anaweza kukuta mpangilio unaoitwa APN hauko. Kampuni ya simu hutuma mpangilio huo bure mtu akiomba. Herufi E karibu na vistari ina maana kwamba simu iko kwenye rezo ya zamani, ile ya 2G: maneno yatapita polepole, picha na video karibu hazipiti, na kuwasha na kuzima simu mara nyingi hakutabadilisha lolote.

Kuna sababu nyingine iliyoletwa na vita. Baada ya M23 kuingia Goma tarehe 27 Januari 2025, X na TikTok ziliacha kufunguka katika sehemu nyingi za Kongo, na watu wakakimbilia programu za VPN ili kuzunguka kizuizi. Wengi wamezisahau ndani ya simu zao. VPN ya bure iliyobaki imewashwa inaweza kuziba intaneti yote, na mwenye simu akalaumu antena isiyo na kosa.

Pale ambapo parokia, shirika au mfanyabiashara amefunga sahani ya satelaiti na kugawa Wi-Fi, udanganyifu ni uleule kwa sura nyingine. Simu inasema imeunganishwa, lakini imeunganishwa na kisanduku kilicho chumbani, si na intaneti. Betri ya sola ikilala, sahani inalala nayo. Na watu arobaini wakinunua vocha za sahani moja, kila mmoja anapata tone.

Mambo haya yangekuwa madogo kama simu ingekuwa ya salamu tu. Kusini mwa Maniema, simu ndiyo benki ya mahali pasipo na benki. Kuhusu hilo kuna jambo ambalo wakaaji wengi hawajaelezwa vizuri: M-Pesa, Airtel Money na Orange Money kwa njia ya namba zinazoanza na nyota hazihitaji intaneti hata kidogo. Hupita kwenye rezo ya sauti. Mwalimu anayeambiwa kwamba «intaneti imekatika, pesa haitoki» ana haki ya kujaribu mwenyewe kwa nyota kabla ya kurudi nyumbani mikono mitupu. Habari za usalama pia zinaweza kupita kwa SMS ya kawaida wakati WhatsApp imekufa. Katika vijiji vya upande wa Salamabila, ambako makundi yenye silaha yamesumbua raia kwa miaka mingi, kusubiri intaneti irudi ili kutoa onyo ni hatari.

Upande wa serikali, hesabu bado haijakaa sawa. Raia walikatwa uniti kwa ajili ya ushuru wa RAM tangu mwaka 2020 hadi ulipofutwa mwaka 2022, hata wale wenye simu ndogo zisizoshika intaneti. Sheria ya Novemba 2020 juu ya mawasiliano imeweka mfuko, FDSU, wa kupeleka rezo mahali ambapo kampuni hazioni faida. ARPTC ilikataza Starlink Machi 2024, kisha ikaipa ruhusa Mei 2025. Ruhusa hiyo inasaidia mwenye uwezo wa kununua sahani. Mkulima wa Kabambare anahitaji antena.

Ahadi iliyo karibu zaidi na mahitaji yake ilitolewa mwaka huohuo wa 2025: Vodacom na Orange zilitangaza kwamba zitajenga pamoja hadi antena 2.000 vijijini kwa miaka sita, zikitumia nguvu ya jua, bila kungojea lori la mazutu. Mashirika ya raia ya Kasongo na Kabambare yangefanya vema kuuliza sasa ni ngapi kati ya hizo zitafika kusini mwa Maniema, na kupeleka daftari la siku na saa ambazo rezo ilikatika badala ya malalamiko ya jumla. Antena hizo zimetangazwa kuwa za 2G na 4G. Simu inayoishia 3G, na bado zinauzwa nyingi za mkono wa pili, itabaki kwenye herufi E hata chini ya antena mpya.