Nyumba nafuu zianzie kwa anayelala nje

Kila mwisho wa mwezi, mfanyakazi wa Kenya huukuta mshahara wake umeshamegwa asilimia 1.5 kwa jina la ushuru wa nyumba, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Anakatwa meneja, anakatwa bawabu, anakatwa mama anayepiga deki ofisi alfajiri. Makato ya kwanza yaligonga mwamba mahakamani, ndipo Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ikatiwa saini Machi 2024. Majumba sasa yanapanda, na tunayapokea kwa mikono miwili, maana Nairobi ilikaa miaka mingi mno bila kumjengea mtu wa kawaida. Lakini kwa kuwa pesa ni za wote, tuna haki ya kuuliza jiji hupanga nyumba likianza na nani.

Sheria yenyewe inamtaja mnyonge. Anayepata chini ya Sh20,000 kwa mwezi ametengewa nyumba za kijamii, na wa kati ya Sh20,000 na Sh149,000 ana zake. Tatizo ni hilo neno "kwa mwezi". Mama mboga, dobi na kibarua wa mjengo hawana mwezi. Wana leo. Leo Sh600, kesho mvua inanyesha na mjengo umefungwa. Mtu huyu akiambiwa aweke amana kwanza, kisha alipe bila kukosa kila tarehe fulani kwa miaka mingi, amefungiwa mlango kwa adabu.

Ingia naye kwake, mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben. Chumba ni cha mabati, futi kumi kwa kumi. Kitanda kimezibwa kwa shuka iliyotundikwa kwenye kamba, watoto watatu wanalala upande wa pili, na stovu ya mafuta taa iko karibu na mlango ili moshi upate pa kutokea. Maji ananunua kwa mtungi wa lita 20. Choo cha jirani analipia kila akienda. Ukijumlisha vishilingi hivyo, lita moja ya maji inamgharimu zaidi kuliko tajiri mwenye bomba jikoni. Kodi ikichelewa wiki moja, anarudi kutoka kazini na kukuta kufuli la mwenye nyumba limebana juu ya lake.

Mwezi Mei 2025 Rais William Ruto alikabidhi nyumba 1,080 za kwanza katika mradi wa Mukuru, unaokusudiwa kufikisha nyumba 13,248. Hiyo ni hatua kubwa. Tunachotaka kujua, na serikali inaweza kutuambia leo ikitaka, ni wangapi kati ya waliopewa funguo walitoka kwenye vyumba vya mabati, na wangapi bado wamo baada ya mwaka mmoja.

Hatuulizi kwa ubishi. Kibera ilitufunza. Mwaka 2009 familia za Soweto Mashariki zilihamishiwa ghorofa za muda Lang'ata, nyumba 600, huku zikisubiri nyumba zao zijengwe. Nyumba 822 zilikabidhiwa 2016. Miaka saba! Na wapo waliopata nyumba wakaipangisha kwa mtu mwenye uwezo, wao wakarudi mabandani, kwa sababu ukuta wa mawe hauliwi na ada ya shule haisubiri. Wengi waliwalaumu. Sisi tunaulaumu mpango uliomhamisha mtu bila kuuliza anakula wapi.

Kupanga vizuri tunajua, na mfano uko papo hapo Mukuru. Mwaka 2017 kaunti ililitangaza eneo hilo kuwa la mipango maalum. Wakazi, wakishirikiana na vuguvugu la wakazi wa mabanda, Muungano wa Wanavijiji, na vyuo vikuu, walijihesabu wenyewe, familia karibu 100,000, wakijigawa kwa makundi ya kaya kumikumi. Walikaa barazani wakasema barabara ipite wapi na maji yatoke wapi. Lami ikafika, mabomba yakafika, na watu wengi hawakufukuzwa ili vifike. Lakini mwaka 2021, Mukuru kwa Njenga, ndani ya eneo hilo hilo, tingatinga ziliangusha nyumba za maelfu ya watu kupisha barabara. Jiji ni hilo hilo moja.

Halafu kuna asiye hata na mabati. Hesabu ya kitaifa ya familia za mitaani ya 2018 ilikuta watu 46,639 nchini, 15,337 kati yao wakiwa Nairobi. Pita barabara ya Tom Mboya maduka yakishafungwa: kijana ametandika katoni, amejifunika gunia hadi kichwani, viatu amevilalia visiibwe. Kujiandikisha kununua nyumba kunataka kitambulisho na PIN ya mamlaka ya ushuru, KRA. Yeye hana hata kimoja, na mpango wenyewe haumtaji. Mfuko wa kurekebisha familia za mitaani upo tangu 2003, lakini kazi yake na kazi ya nyumba zinaendeshwa kama za nchi mbili tofauti.

Katiba, kifungu cha 43, imempa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Haikusema kila mwenye payslip. Tunataka sehemu ya ushuru huu itengwe kisheria kwa nyumba za kupangisha, za kaunti, zisizouzwa kamwe, ambazo kodi yake inalipika kwa wiki au hata kwa siku kupitia simu. Tunataka maafisa wa usajili wawafuate wa mitaani walipo wawape vitambulisho. Na asibomolewe mtu kabla hajaonyeshwa mlango anaohamia.

La haraka zaidi halihitaji mkandarasi. Baridi ya Julai Nairobi inaweza kuua walio nje, na kumbi za kijamii za kaunti, Pumwani, Kaloleni na kwingineko, usiku huwa tupu. Kaunti izifungue, iweke magodoro, maji ya moto na muuguzi mmoja.