UCHAMBUZI: Kanuni za mchezaji wa ridhaa vyuoni Marekani na funzo lake kwa wanariadha wa Mbulu na Hanang

Na Mwandishi Wetu, Mbulu

Tarehe 7 Novemba 2024, chama kinachosimamia michezo ya vyuo nchini Marekani (NCAA) kiliamua kwamba kuanzia Agosti 1, 2025, vijana waliocheza katika ligi kuu za vijana za Kanada waruhusiwe kuchezea vyuo mpira wa magongo wa barafuni. Kwa miongo mingi vijana hao walizuiwa. Ligi zao huwapa posho ndogo ya kila mwezi na hujumuisha wachezaji wenye mikataba ya kulipwa, hivyo aliyeshiriki alihesabiwa kuwa amepoteza hadhi ya ridhaa.

Maretadu hakuna uwanja wa barafu. Hata hivyo, uamuzi huo unaihusu kata hii na ukanda mzima uliomtoa John Stephen Akhwari. Gidamis Shahanga wa Hanang, bingwa wa marathoni wa Jumuiya ya Madola mwaka 1978, alisoma na kukimbia katika Chuo Kikuu cha Texas, El Paso. Njia hiyo bado ipo, na mlango wake ni kanuni zilezile za ridhaa.

Mambo matatu yanahitaji uangalifu. La kwanza ni fedha za zawadi. Kanuni iliyozoeleka imekuwa ikimruhusu mkimbiaji ambaye hajajiunga na chuo kupokea kiasi kisichozidi gharama zake halisi, yaani nauli, chakula, malazi na ada ya ushiriki. Stakabadhi zitunzwe. La pili ni wakala. Kukubali kuwakilishwa na wakala katika mashindano, hata kwa mdomo tu, kunaweza kumwondolea kijana sifa. La tatu ni muda. Katika riadha, mhitimu wa sekondari amekuwa akipewa takriban mwaka mmoja. Akizidi kushiriki mashindano rasmi bila kujiunga na chuo, hupunguziwa misimu.

Ni kweli kwamba tangu msimu wa 2025/26 vyuo vimeruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja. Lakini mwanafunzi wa kigeni hubanwa pia na masharti ya viza, ambayo huwekea mipaka kazi na kipato. Ahadi ya fedha isipokelewe kabla ya kupata ufafanuzi wa chuo husika.

Funzo la magongo ni kwamba kanuni hubadilika, na simulizi za waliotangulia hazitoshi. Mzazi, mwalimu na ofisa michezo wa wilaya wana wajibu wa kusoma kila karatasi kabla kijana hajatia saini, na kuhakikisha kwamba vyeti vyake vya Baraza la Mitihani viko tayari. Mbio za barabarani zitamsubiri kijana hata baada ya shahada, ilhali nafasi ya chuo iliyopotea kwa saini moja ni vigumu kurudi.