Si uzee tu, wala si uchawi

Mzee anayesahau jina la mjukuu huvumiliwa. Anayeamka usiku wa manane akidai wezi wamo ndani, au anayemtuhumu mkwewe kuiba kanga, huanza kuogopwa. Dimensia, inayowapata zaidi ya watu milioni 55 duniani, haiishii kwenye kumbukumbu. Huja pia na sonona, wasiwasi, kuona yasiyokuwapo, na kukosa hamu ya lolote.

Hili la mwisho ndilo halionwi. Bibi bado anajua kuoga na kuvaa, ila hana msukumo wa kuanza. Familia humwita mvivu, kisha humfanyia kila kitu, na uwezo uliobaki nao hupotea. Inauma, kwa sababu pengine kumtengea maji na kumwanzishia kungetosha.

Utafiti wa wilayani Hai, Kilimanjaro, Tanzania, uliochapishwa 2013, ulikadiria dimensia kwa takriban asilimia 6 ya wenye miaka 70 na zaidi. Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Tabia inayoletwa na ubongo unaougua isipewe jina hilo.

Anayebadilika ghafla apimwe kwanza maumivu na maambukizi ya mkojo. Dawa za kutuliza zisikimbiliwe: tangu 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani imeonya kwamba dawa za saikosisi huongeza vifo kwa wazee wenye dimensia. Wizara ya Afya iwafunze wahudumu wa jamii kumuuliza mlezi: mzee analalaje, na ameacha kazi gani aliyokuwa akiifanya mwenyewe?